Uzi: Gololi iliyomo ndani ya jicho la samaki, na kwa nini yetu sisi imebonyea

MaalimBaiolojia (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Kila aliyewahi kukishughulikia kichwa cha samaki anaijua ile punje nyeupe ngumu inayobaki mdomoni ukishamaliza ute wa jicho. Wakubwa huitema sahanini, watoto huigombania. Punje ile ndiyo lenzi. Kwa samaki mbichi haina weupe wowote: ni angavu, unaona hadi upande wa pili, na umbo lake ni gololi, duara kila upande. Sasa nenda Darajani kwa wauza nyama ukaombe jicho la ng'ombe ulipasue. Utakuta lenzi kubwa zaidi, laini zaidi, na imebonyea mbele na nyuma. Ya binadamu imebonyea kuliko hiyo: upana milimita 9 hadi 10, unene kama milimita 4 tu.

Kwa nini? Niliwauliza wanafunzi wa kidato cha tatu, mmoja akanijibu, "Ndivyo Mungu alivyoumba, Maalim." Jawabu halina kosa, lakini kwenye mtihani halina alama.

Tuanzie hapa. Kila kinachopitisha mwanga kina kipimo chake cha kuupinda. Hewa ni 1.00. Maji ni 1.33. Konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, ni 1.376. Mwanga hupinda pale unapovuka kutoka kipimo kimoja kwenda chengine. Tofauti ikiwa kubwa unapinda sana, ikiwa ndogo haujali.

Sisi wa nchi kavu konea yetu inapakana na hewa, 1.376 kwa 1.00, kwa hivyo konea peke yake inabeba kama theluthi mbili ya kazi yote: dayopta 43 hivi kati ya 60 za jicho zima. (Dayopta ni ile namba wanayokuandikia kwenye cheti cha miwani.) Lenzi inamalizia iliyobaki, na umuhimu wake hasa ni kurekebisha baina ya mbali na karibu.

Mtie mtu huyohuyo majini. Konea yake sasa inapakana na maji, 1.376 kwa 1.33. Tofauti imekwisha na zile dayopta 43 zimekwenda nayo karibu zote. Ndiyo maana ukifumbua macho baharini bila miwani huoni ila ukungu wa rangi.

Samaki yuko humo tangu yai mpaka chunguni. Konea kwake ni dirisha tu. Mzigo wote umeangukia lenzi, na umbo linaloupinda mwanga kwa nguvu katika nafasi ndogo ni duara kamili. Kwa hivyo ukiletewa lenzi ya mnyama yeyote mwenye uti wa mgongo, bila kuambiwa ni nani, unaweza kukisia konea yake inapakana na nini.

Hiyo nusu ya habari. Nusu iliyobaki, ambayo mie ndiyo inayonikosesha usingizi, nitaileta mtu akiiuliza.

DikoniMalindi

Wa alaykumu salaam Maalim. Mie riziki yangu ni mnadani. Wateja jicho ndilo la kwanza kutizamwa, likiwa na ukungu hawachukui hata umpunguzie. Ndo hiyo lenzi inayooza?

MaalimBaiolojia

Aghlabu ni konea, ndugu yangu. Samaki akishakufa konea hupoteza uangavu, na jicho lote huzama. Lenzi iko ndani na haina haraka. Wateja wako wana haki kwenye dalili.

Chumvi_ya_Pemba

Maalim usitupitishe mbio. Skuli tulikuwa na gololi ya kioo maabara. Ukiiweka juu ya gazeti, herufi za katikati nzuri, za pembezoni zote zimejikunja. Miale ya pembeni inakutana karibu, ya katikati inakutana mbali, picha haikai sawa. Sasa samaki anaonaje kwa chombo kibovu namna hiyo? Na changu mtu mzima anauona mshipi wako kabla hujamuona yeye, waulize watu wa Mkoani.

MaalimBaiolojia

Hili ndilo nililokuwa nikilisubiri, Mpemba Mungu akuweke.

Gololi ya kioo ni kitu kimoja mwanzo mwisho. Lenzi ya samaki siyo. Sehemu yake ya nje kabisa ina kipimo cha 1.38 hivi, imeyazidi maji kidogo tu. Kila ukiingia ndani kinapanda, polepole, bila ngazi wala mpaka, hata kufika katikati ni kama 1.52, sawa na kioo cha dirishani kwako. Mwanga ukiingia humo haupindi mara mbili tu, pa kuingilia na pa kutokea. Unapinda njia nzima, unakwenda kwa mviringo. Ile miale ya pembeni, ambayo kwenye kioo ingepinda kupita kiasi, hapa inapita sehemu dhaifu, kwa hivyo inapinda kwa kadiri. Yote inakutana mahali pamoja.

Twende kwenye hesabu, maana bila hesabu mtu anaweza kudhani ni maneno matupu. Miaka ya 1880 Mjerumani Ludwig Matthiessen alipima macho ya samaki wa aina nyingi. Akakuta umbali kutoka kitovu cha lenzi hadi retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, ni kama mara 2.5 ya nusu kipenyo cha lenzi, awe dagaa awe chewa. Tuseme lenzi ina kipenyo cha milimita 8. Nusu yake 4, retina iko milimita 10 nyuma.

Jaribu sasa kulipata jicho hilo kwa gololi yenye kipimo kimoja. Ukitia 1.52 kote, picha inaangukia mara 4 ya nusu kipenyo, yaani milimita 16, umeshatoka nje ya jicho. Uirudishe kwenye 10 unahitaji kipimo cha 1.66, na protini haifiki huko hata ukaishindilie vipi. Na hata ungefika, ule ubovu wa pembeni ungebaki palepale. Ule mpando wa ndani ndio unaoleta nguvu na ndio huohuo unaosafisha picha. Umbo la duara nilijualo tangu skuli; lakini kwamba ndani ya duara lile kipimo kimepangwa kwa mkunjo unaotakiwa na hesabu, na samaki mwenyewe haijui hata jedwali la tatu, hilo mie sijalizoea.

Mwaka 1854 James Clerk Maxwell, Mskoti aliyekuja kuwa maarufu kwa hesabu za umeme na sumaku, alikuwa ameshaandika hesabu ya lenzi ya namna hii, yenye kipimo kinachobadilika kutoka katikati kwenda nje. Inasimuliwa kwamba fikra ilimjia akimtizama samaki wa staftahi. Wataalamu mpaka leo wanaiita lenzi ya jicho la samaki ya Maxwell, ingawa ya samaki halisi haiendani nayo sawasawa.

Chumvi_ya_Pemba

Mskoti kala samaki asubuhi kapata hesabu. Sie tunakula mchana na usiku tunapata miba.

Mzamiaji_Tumbatu

Nina la kusema. Wazee wetu walikuwa wanazamia bila miwani, wanamtoa pweza pangoni. Babu yangu aliiona miwani ya kuzamia ukubwani. Kwa hesabu yako angekuwa kipofu kule chini. Au babu zetu hawakuisoma fizikia?

MaalimBaiolojia

Heshima kwa babu. Kwanza, pweza hatafutwi kwa kuona mpaka chunusi zake. Anatafutwa kwa alama: maganda ya kome na kaa mbele ya pango, mawe yaliyopangwa. Vitu hivyo vinaonekana hata kwa ukungu ukiwa umevizoea.

Pili, babu yako huenda aliona kuliko mimi nawe. Kuna watu wanaoitwa Moken, wavuvi wa visiwa vya Bahari ya Andaman upande wa Thailand na Myanmar. Mwaka 2003 mtafiti wa Sweden, Anna Gislén, na wenzake walichapisha vipimo vya watoto wao wanaookota chakula chini ya maji bila miwani. Walikuwa wakiona vitu vidogo mara mbili zaidi ya watoto wa Kizungu. Macho yao hayana konea ya ajabu. Wakifika chini wanabana mboni, lile tundu jeusi, mpaka chini kidogo ya milimita 2, na hapohapo wanaikaza lenzi hadi mwisho wa uwezo wake. Watoto wa Kizungu majini mboni zao zinatanuka, kwa sababu kuna kiza. Baadaye watoto wa Sweden wakafundishwa kwa mazoezi, na wao wakafikia kiwango hicho.

Kwa hivyo ni ujuzi wa utotoni. Ukubwani lenzi inakataa kukazwa, tutafika huko.

Mzamiaji_Tumbatu

Hapo nimeridhika. Na miwani je? Maana mgeni nikimzamisha mara ya kwanza anamkosa samaki kila akirusha mkuki, anadhani yuko karibu.

MaalimBaiolojia

Miwani inairudishia konea hewa yake, ndiyo siri yote. Ila mwanga unavuka kutoka majini kuingia kwenye ile hewa ya ndani kupitia kioo bapa, kwa hivyo kila kitu kinaonekana kwa robo tatu ya umbali wake na kikubwa kwa theluthi. Samaki aliye umbali wa mita nne unamuona yuko mita tatu. Ndiyo maana pia kila chewa aliyeponyoka alikuwa mkubwa kweli.

Mzamiaji_Tumbatu

Wangu aliyeponyoka alikuwa mkubwa hata bila miwani.

SomoWaKizimkazi

Maalim, na pomboo? Yeye si samaki, anapumua hewa kama sisi, ananyonyesha. Sasa lenzi yake iko upande gani? Sie tunaopeleka wageni tunamuona anatoa kichwa nje anatutizama, na sura yake ya mtu anayeona.

MaalimBaiolojia

Lenzi yake ni gololi, karibu sawa na ya samaki. Mababu zake walikuwa wanyama wa nchi kavu wenye lenzi za kubonyea, wakarudi baharini, na maji yakawadai duara. Kwa hesabu tu, nje ya maji pomboo angekuwa haoni mbali hata kidogo, maana konea ikikutana na hewa inaongeza nguvu juu ya lenzi ambayo imeshajaa nguvu. Lakini anaona, kama ulivyosema. Mboni yake kwenye mwanga mkali haifungi kwa mduara. Kuna kikunjo kinachoshuka kutoka juu hadi inabaki mikato miwili midogo, mmoja huku mmoja kule. Tundu dogo husafisha picha hata lenzi ikiwa haiendani. Ndiyo maana mtu aliyesahau miwani yake hukaza macho. Kwa hiyo yule wa Kizimkazi juani anakutizama kupitia vitundu viwili katika kila jicho.

Kasa yeye hakupata hila hiyo. Lenzi duara, konea bapa, majini anaona vizuri, akipanda ufukweni kutaga, kama kule Misali, haoni ila karibu sana. Hana hasara kubwa. Vifaranga navyo hawahitaji picha safi kuijua bahari, wanafuata upande wenye mwangaza chini ya upeo. Taa za hoteli ndizo zinazowapoteza.

Na mkitaka aliyekwenda njia ya kinyume, tizameni wale samaki wadogo wanaorukaruka kwenye matope ya mikoko maji yakitoka, macho juu ya kichwa. Wanakaa hewani muda mrefu, na konea yao imechomoza na lenzi imebonyea kidogo. Samaki, lakini jicho limeshaanza kufuata kanuni za nchi kavu.

Kijana_wa_Jangombe

Na pweza? Mmemtaja mara mbili kama kitoweo tu. Ana macho kuliko wote hao.

MaalimBaiolojia

Uzi ni wa wenye uti wa mgongo, pweza hana hata mfupa. Ila nitakupa moja kwa sababu inasaidia hoja. Pweza na samaki hawakurithi jicho hilo kwa babu mmoja, kila mmoja kalitengeneza kivyake, na bado lenzi ya pweza ni duara, nayo ina kipimo kinachopanda kuelekea kati. Imeundwa kwa vipande viwili vilivyoshikana, nusu ya mbele na nusu ya nyuma, jambo ambalo kwa samaki hulikuti. Mafundi mbalimbali, maji yaleyale, kazi imetoka sawa.

Turudi kwenye mada.

MwanaSayansi_Chake

Mada yenyewe ina pengo. Gololi ngumu haibonyeki. Samaki anarekebishaje karibu na mbali? Sisi tunabadilisha umbo la lenzi. Yeye?

MaalimBaiolojia

Anaisogeza. Kuna msuli mdogo umeshikamana na lenzi kwa chini. Samaki wa mifupa akiwa ametulia jicho limewekwa kuona karibu, akitaka mbali msuli unaivuta lenzi nyuma kuelekea retina. Papa kinyume chake, ametulia anaona mbali, akitaka karibu lenzi inasukumwa mbele. Chura pia husogeza mbele.

Ndege na mijusi wamechagua nguvu: misuli inaibana lenzi laini kwenye ubavu hadi inachomoza. Ndege wanaozamia wamepindukia. Mnandi akiingia majini anapoteza konea kama wewe, kisha lenzi inabanwa mpaka sehemu ya mbele inachomoza kupitia tundu la mboni, na anaongeza zaidi ya dayopta 50 kwa kufumba na kufumbua. Mtoto wa binadamu, ambaye ndiye bingwa wetu, hana zaidi ya 14 hivi. Nyoka ameipoteza mashine ya mijusi wenzake na amerudi kwenye kusogeza.

Sisi tunafanya kwa kulegeza. Lenzi yetu imening'inizwa kwa nyuzi nyembamba zinazoivuta kila upande iwe bapa. Msuli ukijikaza, nyuzi zinalegea, lenzi inajirudisha kwenye unene wake wa asili. Helmholtz ndiye aliyeieleza vizuri mwaka 1855. Ubaya wake ni kwamba yote inategemea lenzi iwe laini, na lenzi haiachi kukua. Kila mwaka inaongeza tabaka kwa nje, za zamani zinasukumwa ndani na kukazana. Ukifika miaka 45 nyuzi zinalegea na lenzi haina habari. Ndipo unapomuona mtu anausomea ujumbe wa simu mkono umenyooka.

BintiWete

Samahani Maalim nakatiza. Mama yangu jicho moja limeingia weupe, wanasema mtoto wa jicho. Kuna mtu anauza matone ya asali na mitishamba, anasema yanayeyusha. Nyumbani wamegawanyika. Kwa unayoyasema kuhusu lenzi, yanaweza kuyeyusha kweli?

MaalimBaiolojia

Pole sana, na Mwenyezi Mungu ampe shufaa. Hapana, hayayeyushi, na sitazunguka.

Lenzi imejaa protini ziitwazo kristalini. Kwa mtu zinafika kama theluthi ya uzito wote wa lenzi. Ni angavu kwa sababu zimepangana karibukaribu na sawasawa, na kwa sababu seli za lenzi zimetupa kila kinachozuia mwanga, hata kiini cha seli. Hakuna mshipa wa damu. Maana yake seli hizo haziwezi kutengeneza protini mpya. Zile za katikati kabisa mama yako alizaliwa nazo. Miaka ikienda, na jua likichangia, na kisukari, na sigara, protini zinaharibika na kushikana vibonge, vibonge vinatawanya mwanga, ndio weupe. Ni jambo la aina moja na lile linalotokea kwenye chungu lenzi ya samaki inapopikwa, tofauti moto unalimaliza kwa dakika chache. Protini iliyokwishaganda hivyo hairudi. Hakuna tone lililothibitika kuirudisha, na asali isiyo safi ndani ya jicho inaweza kukuletea vidonda juu ya maradhi.

Dawa ni upasuaji. Lenzi iliyochafuka inatolewa na inawekwa ya plastiki. Wa kwanza kuiweka alikuwa Harold Ridley, London, mwaka 1949. Alikuwa ameona marubani wa vita walioingiwa machoni na vipande vya plastiki ya dirisha la ndege, na macho hayakuvikataa. Mpeleke kwa daktari wa macho, usingoje.

BintiWete

Ahsante sana Maalim. Nitawasomea nyumbani haya.

DikoniMalindi

Shufaa kwa mama. Yule wa matone alishapita na huku sokoni, kauza na kwa mtu wa karibu yangu. Jicho likawa jekundu wiki nzima, hela haikurudi.

MwanaSayansi_Chake

Maalim, hilo la protini za katikati kuwa za tangu kuzaliwa, si ndilo lililotumika kwa yule papa mzee?

MaalimBaiolojia

Ndilo. Papa wa Greenland, kwenye maji ya baridi ya kaskazini. Hana mfupa mgumu wa kuhesabia miaka. Watafiti walichukua katikati ya lenzi za papa 28, wakapima kaboni 14, ile aina ya kaboni yenye mnunurisho. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliongeza kaboni hiyo duniani, kwa hivyo papa waliozaliwa kabla na baada wanatofautiana, na wale wakubwa zaidi wakakadiriwa kwa hesabu. Mmoja wa mita 5 hivi alikadiriwa miaka 392, kosa linaweza kufika 120 huku au kule. Hayo yalichapishwa mwaka 2016. Hata ukichukua upande mdogo, alikuwa anaogelea kabla ya Sayyid Said kuhamia Unguja.

Na kristalini zenyewe zina vituko. Kwa bata na mamba kuna moja ambayo ni kimeng'enya kilekile kinachofanya kazi kwenye misuli na ini, kimeletwa machoni kikajazwa kwa wingi kiwe kioo. Hakuna aliyetengeneza protini maalum ya kuonea. Kilichokuwa karibu, kinachovumilia kushindiliwa bila kuganda, ndicho kilichochukuliwa.

Kijana_wa_Jangombe

Kinyonga ana lenzi gani? Jicho lile linavyozunguka peke yake.

MaalimBaiolojia

Kinyonga ni kesi ya peke yake. Lenzi za wote tuliowataja zinakusanya mwanga. Ya kinyonga inautawanya. Mwaka 1995 Ott na Schaeffel walionyesha hivyo. Konea inakusanya kwa nguvu, lenzi nyuma yake inatawanya, na matokeo ni picha kubwa kwenye retina kuliko jicho dogo lile linavyostahiki, mpango wa darubini ya Galileo. Halafu anapima umbali wa nzi kwa kiasi anachokaza lenzi, jicho moja linamtosha. Ulimi hautoki mpaka hesabu imekubali.

Chumvi_ya_Pemba

Na mjusi kafiri wa ukutani, mboni yake kama mpasuko? Au na huyo tusimtaje.

MaalimBaiolojia

Tumtaje, ana sayansi nzuri. Lenzi yoyote haizikusanyi rangi zote mahali pamoja, buluu inakutana karibu kuliko nyekundu. Kwa jicho lenye mboni kubwa hilo ni tatizo. Mwaka 1999 Ronald Kröger na wenzake walionyesha kwamba lenzi ya samaki mdogo wa Ziwa Tanganyika ina kanda za duara, moja nje ya nyengine, kila kanda imewekewa rangi yake, zote zikaangukia kwenye retina. Baadaye wakakuta lenzi za namna hiyo kwa wanyama wengi wa nchi kavu, paka na mjusi kafiri wakiwemo. Sasa fikiri: ukiwa na lenzi ya kanda, mboni ikifunga kwa mduara, kanda za nje zinazibwa na rangi zake zinaharibika. Mboni ya mpasuko inafunga lakini inaacha kipande cha kila kanda. Samaki wengi hawana shida hiyo kwa kuwa mboni zao hazifungi kabisa.

Ustadh_Mtoni

Nasoma kimya tangu juzi. Ibn al-Haytham hamkumtaja?

MaalimBaiolojia

Haki yake, Ustadh. Alizaliwa Basra kama mwaka 965, akafia Kairo kama 1040. Ndiye aliyesimamisha kwa hoja na majaribio kwamba mwanga unatoka kwenye vitu kuja jichoni, wala jicho halitoi miale. Lakini yeye na waliomtangulia waliiweka nguvu ya kuona kwenye lenzi yenyewe. Felix Platter mwaka 1583 na Kepler mwaka 1604 ndio walioihamishia kwenye retina, lenzi ikabaki na kazi ya kukusanya.

MwanaSayansi_Chake

Nataka kulifanya darasani. Toa utaratibu.

MaalimBaiolojia

Tafuta kichwa cha nguru au jodari wa leo, jicho kubwa. Si wa friza, lenzi zao mara nyingi zimeshaingia weupe. Wembe mpya, pasua konea ubavuni, usichome katikati. Maji yatatoka, kisha bonyeza jicho taratibu kwa nyuma, gololi itajitokeza yenyewe imeshikwa na uzi mmoja au miwili, ikate. Iviringishe kwenye kitambaa chenye maji ya chumvi kidogo. Utaisikia vidoleni: nje inanata na kubonyea, ndani kuna kitu kigumu. Huo ugumu wa ndani ndio ule mpando wa kipimo, protini zimeshindiliwa zaidi.

Iweke juu ya gazeti, ukitandaza plastiki angavu kwanza, herufi zitakua. Halafu ishike mbele ya dirisha, karatasi nyeupe nyuma yake, utaliona dirisha juu chini. Sasa itumbukize kwenye gilasi ya maji pamoja na ile gololi yako ya kioo, na utizame maandishi kupitia zote mbili. Kwa kioo pembezoni patajikunja kama alivyosema Mpemba. Kwa samaki patakaa sawa. Ukimaliza ichemshe dakika chache, ipasue, wanafunzi waone tabaka zinavyobanduka.

Wanawe mikono kwa sabuni, wasirudi madawatini wananuka.

DikoniMalindi

Njoo alfajiri, nguru wanashuka mapema. Macho nakupa bure, kichwa unakilipia.

MwanaSayansi_Chake

Niko Chake, ami. Nitumie kwa boti ya asubuhi, barafu nyingi pembeni ila usiyagandishe.